Kupiga Hodi kwa Mkulima Ukiwa Mikono Mitupu

Mkulima wa kwanza niliyemwendea kumwomba ruhusa ya kuwinda shambani kwake alinisikiliza kwa muda usiozidi dakika moja, akanitazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema hapana, kisha akasimama palepale mlangoni mpaka gari langu lilipopotea kwenye kona. Ilikuwa Septemba, ngano imeshavunwa, mashamba ya Lincolnshire, mkoa wa mashariki ya Uingereza, yamebaki mabua matupu, na mimi nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima ya kuzisema sentensi zile kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilichokosea ni neno moja. Kiswahili humwita sungura kila sungura, awe yule mdogo anayechimba mashimo na kuishi kwa makundi, awe yule mkubwa mwenye miguu mirefu na masikio yenye ncha nyeusi, anayelala juu ya ardhi wazi bila shimo lolote. Kiingereza kina jina lake kila mmoja, wa kwanza rabbit na wa pili hare, na mimi, kwa kuwa sungura ninayemjua tangu utotoni ni huyo wa pili, nililitaja jina lake huyo wa pili. Nilimwambia mzee yule, kwa heshima zote, kwamba ningependa kumsaidia kuwapunguza.

Sikujua kwamba mnyama huyo ndiye chanzo cha uadui mkubwa kati ya wakulima wa mashariki ya Uingereza na watu wasiowajua. Wako wanaokuja na mbwa wembamba wenye mbio kali, wakawaachia wawili wamkimbize sungura mmoja, huku wenyewe wakiwekeana dau la fedha. Mchezo huo ulipigwa marufuku kwa Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004, na mwaka 2022 Bunge likaongeza adhabu na kuzipa mahakama uwezo wa kuwazuia wahusika wasifuge mbwa, lakini haujaisha. Msimu wao huanza mara tu mavuno yanapoondolewa, kwa sababu shamba la mabua humwacha mnyama wazi na gari huweza kupita juu yake. Huvunja malango, huendesha magari katikati ya ngano inayoanza kuota, na mkulima anayethubutu kuwafuata huweza kutishiwa au kupigwa. Polisi wa Lincolnshire wana operesheni maalumu dhidi yao, iitwayo Galileo. Sasa fikiria mgeni asiyejulikana na mtu, ndani ya mwezi wa Septemba, anapiga hodi na kumtaja mnyama yuleyule. Ningekuwa mimi ndiye mwenye shamba, dakika moja ningeiona nyingi.

Miaka minne imepita tangu siku ile. Leo nina mashamba matatu ninayoruhusiwa kuingia na bunduki yangu ya upepo. Yalikuwa manne, na la nne nitalieleza baadaye. Watu wa kwetu wanaoishi huku, hasa vijana waliokulia mashambani na kuchoshwa na kukaa ndani mwisho wa juma, huniuliza mara kwa mara niliwezaje kupata ruhusa, na wengi wao huanza kwa kuniuliza aina ya bunduki. Bunduki haina uzito wowote katika jambo hili. Katika wakulima wote niliozungumza nao hakuna hata mmoja aliyeniuliza naweza kulenga kwa umbali gani. Waliniuliza naishi wapi, nafanya kazi gani, nitaegesha gari wapi, na kama nitakuja peke yangu.

Mimi nimekulia katika kazi ya kuamia. Katika bonde la Kilombero, Tanzania, msimu wa mpunga ukifika, familia nyingi huhama mjini na vijijini zikaenda kuishi kwenye vibanda vya mashambani, na watoto hupandishwa juu ya dungu alfajiri wakiwa na teo, mawe ya kutosha na debe la kupiga. Kwelea kwelea wakishuka ni kama moshi unaotua, na ukichelewa kupiga kelele, masuke uliyoyaona asubuhi hutayakuta mchana. Usiku ni zamu ya nguruwe pori. Kwa hiyo kulinda mazao ya mtu mwingine si jambo geni kwangu, na kwetu anayekuja kusaidia kufukuza nguruwe usiku hapigi hodi. Unamsikia akipiga debe lake ng'ambo ya mfereji, nawe unapiga lako.

Kuua ndiko kunakotenganisha nchi hizi mbili. Kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, amewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, hata akiwa amesimama katikati ya mahindi yako. Mwenye shamba akikukaribisha, ukaribisho wake peke yake haukufanyi kuwa mwindaji halali. Uingereza mambo yamepinduliwa: mnyama wa porini aliye hai na huru hana mwenyewe, lakini haki ya kumwinda imeshikamana na ardhi anayoikanyaga, hivyo ufunguo uko mkononi mwa mtu fulani anayeishi katika nyumba fulani, na ni lazima umpate. Sungura wa mashimo hata wamewekewa sheria yao. Sheria ya Waharibifu ya mwaka 1954, iliyopitishwa mwaka mmoja baada ya ugonjwa wa miksomatosisi kuingia kusini mwa Uingereza na kuwaua sungura wengi mno, iliweka msingi wa kumtaka anayeshikilia ardhi awaangamize sungura wa porini au walau awazuie wasiharibu mali ya jirani. Wakulima wengi hawaikumbuki sheria hiyo, ila wanamkumbuka jirani anayelalamika.

Kumpata mwenye ufunguo ni kazi yenyewe. Mwanzoni nilidhani mtu ninayemwona juu ya trekta ndiye mwenye shamba. Mara nyingi ni kijana aliyeajiriwa, au mkandarasi anayelima mashamba ya watu sita kwa mkataba na asiyejua hata jina la mwenye ardhi. Nyuma yake kuna mkulima, ambaye huenda naye ni mpangaji. Nyuma ya mpangaji kuna mwenye ardhi, wakati mwingine ni familia yenye jumba kubwa au ni taasisi. Na katikati yao kuna wakala anayeketi ofisini mjini. Zaidi ya hapo, mwenye ardhi anapopangisha shamba huweza kujibakizia haki ya uwindaji, au akawa ameshaikodisha kwa kikundi cha watu wanaowinda kwaru, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu. Mpangaji wa namna hiyo anaweza kukuruhusu kwa moyo mweupe na wote wawili mkawa mmekosea.

Kwa sungura peke yao, mpangaji ana kinga ya zamani. Sheria ya mwaka 1880, iliyotungwa kwa sababu wapangaji walikuwa wakitazama mazao yao yakiliwa na wanyama ambao mabwana wenye ardhi walitaka kuwawinda wenyewe, ilimpa anayelima haki ya kuwaua sungura wa aina zote mbili, haki ambayo mkataba wowote hauwezi kumnyang'anya. Lakini iliweka mipaka: kwa bunduki, chini ya sheria hiyo, ni yeye mwenyewe na mtu mmoja tu mwingine aliyempa idhini kwa maandishi. Mtu mmoja. Ninalisisitiza kwa sababu nitalirudia.

Bunduki ya upepo ina urahisi wake unaoweza kukudanganya. Uingereza na Wales, ikiwa nguvu yake haizidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16, mtu mzima huinunua bila cheti. Scotland ni tofauti; huko leseni ilianza kutakiwa mwishoni mwa mwaka 2016. Urahisi huo huwafanya watu wadhani ni kitu cha kuchezea, nao huingia nayo mahali popote palipo na majani. Kuingia katika ardhi ya mtu bila ruhusa ukiwa na bunduki ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, hata ikiwa ya upepo, hata ikiwa haina risasi. Njia za umma zinazokatiza mashambani, ambazo kwa kweli ni neema kubwa ya nchi hii, zinakupa haki ya kupita kwa miguu na kwenda zako. Hazikupi haki ya kusimama na kulenga. Risasi yako nayo, ndogo jinsi ilivyo, hairuhusiwi kuvuka mpaka wa eneo ulilopewa na kuingia kwa jirani ambaye hukumwomba.

Baada ya kushindwa mlangoni nilijaribu barua. Niliandika barua ishirini, nikazitia katika masanduku ya malango ya mashamba, kila moja ikiwa na jina langu, mahali ninapofanya kazi, namba ya simu na maelezo ya bima yangu ya chama cha wawindaji. Nilijibiwa mbili, zote zikikataa kwa adabu. Siwalaumu. Barua haina uso, na mkulima anayelala na hofu ya kuibiwa trekta haoni sababu ya kumpigia simu mtu asiyemjua ili amkaribishe na bunduki.

Ruhusa ya kwanza ilitoka mahali ambapo sikuwa nimeomba. Mimi nafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee, na bibi mmoja tuliyekuwa tukimhudumia alikuwa na binti anayefuga farasi wa kukodisha, nje kidogo ya mji, kwenye miinuko ya Lincolnshire Wolds. Binti huyo, ambaye kwa umri ni mama yangu, alikuja siku moja kumtazama mzazi wake akiwa amekunja uso, akaeleza kwamba farasi mmoja ametumbukiza mguu katika shimo la sungura na kwa bahati tu haukuvunjika. Sikusema kitu siku ile. Nilimwona tena wiki iliyofuata, nikamuuliza farasi anaendeleaje, kisha nikamuuliza kama ninaweza kwenda kuyaona hayo mashimo. Nilikwenda Jumapili mchana, saa ambayo kila mtu anamwona kila mtu, nikaegesha gari mbele ya nyumba na siyo nyuma ya banda, nikiwa mikono mitupu, bila mfuko wa bunduki hata ndani ya buti la gari.

Tulitembea uwanda mzima wa malisho, yeye akiwa amevaa buti za mpira na mimi viatu vya kazini, jambo ambalo lilimchekesha. Ukiutazama ukingo wa malisho yaliyoshambuliwa na sungura, huhitaji kuelezwa. Nyasi karibu na ua wa miti ya miiba zimekatwa fupi kama zilizonyolewa, na kadiri unavyotoka mbali na ua ndivyo zinavyorefuka, kwa sababu sungura hapendi kwenda mbali na mlango wake. Kinyesi chake kiko kama choroko kavu zilizomwagika. Shimo linalotumika lina midomo laini na udongo mbichi. Lililohamwa lina utando wa buibui na majani makavu. Nilipiga magoti, nikamwonesha mashimo kumi na moja yanayotumika na mengine aliyoyadhania hai kumbe yamehamwa. Nikamwambia kwamba mengine ningeyajaza udongo na kuyashindilia bila kuua kitu, na kwamba kwa haya kumi na moja ningekuja jioni mbili kwa wiki. Hapo ndipo aliponiuliza, kwa mara ya kwanza, "Kwa hiyo wewe una bunduki?"

Nimelifikiria sana swali lile. Nilikuwa nimetumia saa nzima na mwanamke yule tukizungumzia mashimo yake, farasi wake na mama yake, na bunduki ikaingia katika mazungumzo ikiwa kifaa cha kazi, kama sururu. Mkulima wa Septemba nilimwanzia na bunduki. Kwetu mtu husimama mbali na mlango, akabisha hodi, akangoja karibu, akaulizana hali na wenyeji mpaka maji ya kunywa yaletwe, ndipo aseme kilichomleta. Nilipofika Uingereza niliambiwa na kila mtu kwamba Wazungu hawapendi kupotezewa muda, useme shida yako upesi. Huenda ni kweli benki. Shambani si kweli hata kidogo. Mkulima wa huku ana muda wa nusu saa wa kuzungumzia mvua, na akishamaliza mvua ndipo anapokutazama vizuri.

Tena niseme wazi kwamba ugeni wangu unaonekana kwa mbali. Mtu mweusi anayetembea ukingoni mwa shamba jioni akiwa na mfuko mrefu begani atapigiwa simu polisi mapema kuliko jirani wa mwenye shamba, na kulalamika kuhusu jambo hilo, hata kama nina haki ya kulalamika, hakutanirudisha nyumbani salama. Kwa hiyo kila ninapopata ruhusa ninaomba na ya pili, yaani nitambulishwe kwa majirani wanaopakana na shamba na kwa yule anayetembeza mbwa wake kila jioni kwenye njia ya umma. Huyo wa mbwa ndiye muhimu kuliko wote. Anamjua kila mtu, na akishakuita kwa jina lako, kijiji kizima kinakuita kwa jina lako.

Shamba la pili lilitokana na la kwanza, kwa maneno ya mdomo, na huko hitaji halikuwa sungura. Mzee mmoja, jirani wa mama wa farasi, alikuwa na ghala la nafaka lililojaa njiwa wa mjini waliojenga kwenye boriti za paa na kuchafua shayiri, na chini yao panya. Kazi ya ndani ya ghala inaifaa bunduki ya upepo kuliko kazi ya wazi, kwa kuwa umbali ni mfupi na risasi yake nyepesi, ukiichagua vyema na ukajua kilicho nyuma ya shabaha, haitoboi bati. Bunduki kubwa ingeacha paa likivuja. Mwindaji wa bunduki ya upepo anayeenda kwa mkulima wa ekari mia tatu na kumwahidi kumwondolea njiwa pori anamdanganya yeye na anajidanganya. Aende ghalani, kwenye bustani, kwenye zizi la farasi na kuku, mahali ambapo bunduki yake ndogo ni msaada wa kweli.

Ndege wana masharti zaidi ya sungura, na ni vizuri kuyajua kabla mkulima hajakuuliza. Kila ndege wa porini Uingereza analindwa kisheria, na njiwa pori anapouawa kwa sababu ya mazao, anauawa chini ya leseni ya jumla ambayo huiombi kwa mtu ila unalazimika kuisoma na kuitii. Kwa England, leseni ya kulinda mazao inajulikana kwa namba GL42, na hutolewa upya kila Januari. Inakutaka uwe umeruhusiwa na mwenye ardhi au anayeitumia, kuwe na madhara makubwa ya kweli, na njia nyingine za kuwafukuza ziwe zimejaribiwa au haziwezekani. Aprili 2019 leseni za namna hiyo zilifutwa ghafla baada ya wanaharakati wa kikundi cha Wild Justice, akiwemo mtangazaji Chris Packham, kuzipinga kisheria, na kwa muda wakulima hawakujua la kufanya mpaka mpya zilipoanza kutolewa. Wawindaji wengi bado wanamtaja Packham kwa hasira. Mimi, nikiwa mtoto wa dungu, sharti la kufukuza kwanza sikuliona la ajabu. Wakulima wa huku wana mitungi ya gesi inayolipuka yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, wana sanamu na tiara zenye umbo la mwewe, na njiwa huzizoea zote baada ya siku chache. Kitu ambacho hawajakizoea ni mtu. Mzee wa ghala alikuwa na ukanda wa kabichi nyuma ya nyumba, na asubuhi moja ya Februari, theluji ikiwa imefunika kila kitu isipokuwa vichwa vya kabichi, nilikaa huko kwa muda wa saa tatu bila kufyatua risasi hata moja, nikipiga kifuniko cha sufuria. Mkewe alinitazama dirishani akidhani nimechanganyikiwa, lakini njiwa hawakutua.

Ruhusa ninaiandika siku zote, hata mwenye shamba akisema haina haja. Ni karatasi moja tu: jina lake na langu, ramani ya shamba iliyochapishwa, wanyama ninaoruhusiwa kuwaua kwa majina yao kamili (sungura yupi, sikosei tena), tarehe ya kuanza na kuisha, na sahihi zetu. Juu ya ramani ninamwomba achore mwenyewe kwa kalamu nyekundu mahali nisipotakiwa kufika: zizi la ng'ombe wanaokaribia kuzaa, malisho ya kondoo kuanzia Machi, njia ya umma, nyumba ya jirani mwenye watoto. Kalamu ikiwa mkononi mwake, husema mambo ambayo hangeyakumbuka katika mazungumzo. Mzee wa ghala alichora mstari mrefu pembeni mwa bwawa, nikadhani pana ndege wanaotaga. Akaniambia mbwa wake amezikwa pale.

Kinachofuata ni mambo madogo ya kila siku. Ninatuma ujumbe kabla ya kwenda na baada ya kuondoka. Lango nililolikuta limefungwa ninalifunga, nililolikuta wazi ninaliacha wazi, maana pengine amewafungulia kondoo njia ya maji. Siachi mzoga wala kopo. Sungura wawili wa kwanza wa kila mwezi ninawachuna, ninawasafisha na kuwaacha jikoni kwa wenyeji, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Wale wasiokula sungura ninawapelekea sambusa, ambazo zimenifungulia malango mengi kuliko shabaha yangu.

Nilisema nitaeleza shamba la nne. Lilikuwa ndilo bora kuliko yote, mteremko wa ngano unaotazama magharibi, wenye ua mrefu wa miti ya miiba na sungura wasiohesabika, na mkulima wake alikuwa mpangaji kama baba yake na babu yake. Aliniandikia idhini kwa mkono wake. Aliniambia pia, tukiwa tumeegemea lango, kwamba mwenye ardhi amejibakizia haki ya uwindaji, kwamba hawaelewani sana, na kwamba ana nafasi ya mtu mmoja tu na amenipa mimi. Nilimwelewa kabisa. Mwaka mmoja baadaye rafiki yangu wa tangu shule alikuja kutoka Leicester, akakaa kwangu wiki nzima, akatamani kuona. Nikajiambia kwamba nitamchukua jioni moja tu, abebe darubini, na kama atapiga risasi mbili tatu nani atajua. Sikutuma ujumbe kama kawaida yangu, na kutotuma kwenyewe kunaonesha kwamba nilijua ninachofanya.

Tulicheka kwa sauti. Ndivyo alivyojua. Sauti mbili za Kiswahili jioni tulivu zilimfika mkulima akiwa uani kwake, akapanda pikipiki yake ya magurudumu manne akaja taratibu bila taa. Alimkuta rafiki yangu amelala chini nyuma ya bunduki yangu. Hakugombeza. Alimsalimu rafiki yangu, akamuuliza ametoka wapi, kisha akanigeukia na kuniomba ile karatasi. Ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, nami nikampa. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya koti, akasema, "Wakala wa mwenye ardhi hupita njia hii siku za Alhamisi." Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Niliandika barua ya kuomba radhi, nikaipeleka mwenyewe, na mkewe aliipokea mlangoni. Sikuomba nirudishiwe karatasi. Rafiki yangu kila tukizungumza huniambia nirudi nikaombe tena, yule mzee atakuwa ameshasahau, nami humjibu kwamba hakuona hesabu iliyokuwa ikipigwa pale: mtu yule alikuwa ameweka upangaji wa vizazi vitatu juu ya ahadi yangu ya kuja peke yangu.

Bado ninapita barabara ile ninapotoka kazini zamu ya mchana. Wakati wa kiangazi huwa bado kuna mwanga, na sungura wa mteremko ule wanakuwa wametoka wote, wamekaa ukingoni mwa ngano, na ukanda ulionyolewa umezidi kuingia ndani kila mwaka. Mara chache tunapishana, yeye kwenye gari lake lenye tela nami kwenye langu, mahali ambapo barabara ni nyembamba na lazima mmoja asogee pembeni. Mimi ndiye ninayesogea. Yeye hunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, kama watu wa huku wanavyosalimiana, na kupita.